Njia ya Akiba ya Mushaki

Miaka ile ya vita kazi yangu ilikuwa kupangia simu na data njia za akiba. Niliketi ofisini Goma, na minara yetu ilivuka milima ya Masisi hadi Mubi, kwa wachimba madini wa Walikale. Kwenye MPLS, mfumo wa kuelekeza data kutoka mnara hadi mnara, unaiambia mitambo mapema: kiungo hiki kikikatika, zungukia kule, urudi kwenye mnara uleule wa mbele uendelee na safari. Kiungo cha Goma na Mushaki nilikiwekea mzunguko wa upande wa Shasha. Nikaujaribu, nikatamba hadi wenzangu wakanichoka.

Nililinda kiungo tu. Mnara wenyewe wa Mushaki sikuutafutia njia ya kuukwepa. Kila nilichochora kilipita hapo. Aliyewasha jenereta yake alikuwa mlinzi mmoja, mzee wa familia ya wakulima wa kilima kile cha Mushaki. Kila asubuhi alinipigia kunishtakia ng'ombe waliokuja kujikuna kwenye uzio wetu.

Mchana mmoja risasi zilipasua sahani ya antena ya Mushaki iliyoelekea Goma. Njia ya akiba ikashika papo hapo. Nilipiga makofi, Mungu anisamehe. Kisha mlinzi akapiga simu, na sauti yake ikanifikia kwa mzunguko huohuo wa Shasha.

"Shefu, batu ya bunduki banapanda mulima. Bibi yangu na batoto bameshakimbia. Na miye niende?"

"Papa, ngoja kidogo. Ukiacha jenereta izime, Walikale yote inakatika. Baki saa moja tu."

"Saa moja?"

"Saa moja, Papa."

"Sawa, shefu. Minabaki."

Ningependa kusema niliwaza wagonjwa wa hospitali za Walikale. Sikuwawaza. Nilitaka tu kuitazama kazi yangu ikifanya kazi. Saa haikuisha, mnara ukazimika, na njia zote zikazimika nao.

Majirani ndio waliomzika, karibu na jenereta. Mke wake alikuja ofisini baadaye, kitenge kimejaa matope ya barabara ya Sake. Hakutaka kuketi.

"Kaka, batoto banauliza juu ya nini baba yao hakukimbia na siye. Siku ile mulizungumuza naye?"

Nilimwambia simu ilikatika kabla hatujaongea. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea baraka.