Tangazo la Bi Mwanasiti

Mzee Ibrahimu, mwadhini wa msikiti mmoja mdogo wa Chumbageni, alikuwa na maradhi ya kutazama miguu ya watu. Alikaa karibu na mlango, tasbihi mkononi, na ole wako utangulize mguu wa kushoto. Angekurudisha nje mbele ya kadamnasi, utangulize wa kulia, umwombe Mola akufungulie milango ya rehema zake, ndipo upite. Aliyenuka kitunguu aliambiwa akasali kwao. Aliyeketi kabla ya rakaa mbili za kuuamkia msikiti alinyanyuliwa kama mtoto. Watu walimteta pembeni lakini walimtii, maana kwa adabu za msikiti hakuwa na mpinzani. Mwenyewe alilijua hilo, nalo lilimvimbisha kichwa.

Jumanne moja, baada ya sala ya alasiri, Safari, fundi baiskeli, alisimama safu ya nyuma, uso umemshuka. Mama yake, Bi Mwanasiti, alikuwa amefikia kusahau hata majina ya wanawe, na asubuhi ile alitoka nyumbani asirudi.

"Jamaa zangu, niwieni radhi. Nimepotelewa na mama yangu. Amevaa..."

"Allah asikurudishie!" Ibrahimu alimkata. "Misikiti haikujengwa kwa haya. Katangaze nje!"

Ndivyo alivyofundishwa kumjibu anayetangaza kilichopotea msikitini, na ndivyo alivyowajibu wenye simu na funguo zao. Ulimi ulikuwa umezoea. Safari alitoka, akavaa ndala zake na kwenda.

"Mzee Ibrahimu, lile jibu ni la mwenye kutafuta mali," imamu alisema kwa huzuni. "Huyu anatafuta mzazi."

"Adabu ni adabu," Ibrahimu alijibu, lakini moyo ulimpiga. Tangu afiwe na mkewe, bakuli lake la futari lilitoka kwa Bi Mwanasiti kila Ramadhani. Alitoka kumwita Safari. Hakumwona.

Alhamisi asubuhi bibi aliokotwa mtaroni, mbele ya Pongwe, ameshakufa. Alikuwa akielekea Muheza, alikozaliwa.

Habari ilipofika, Sele, muuza machungwa aliyesali pale kila akishusha mzigo, alikaa chini barazani akalia waziwazi.

"Nilimwona mimi! Jumanne hiyohiyo, saa saba, Pongwe, peku, kanga ya kijani. Nilidhani anakwenda shamba. Na alasiri nilikuwa humu, safu ya pili. Mzee, ungemwacha amalize! Ningesikia kanga tu, ningejua."

Ibrahimu alishika nguzo ya baraza.

Safari alifika kabla ya adhuhuri. Alivua ndala, akatanguliza mguu wa kulia, akaomba dua yake, akasali rakaa mbili bila haraka. Ibrahimu alimtazama, akatamani kijana yule akosee japo kitu kimoja. Hakukosea. Alipotoa salamu alikwenda kwenye kipaza sauti, akamletea Ibrahimu.

"Shikamoo, Ami. Tangaza. Msiba unaruhusiwa."

Ibrahimu alikipokea. Alimtaja Bi Mwanasiti kwa jina lake na la baba yake, akataja nyumba, akataja saa ya maziko, sauti ikimkatika katikati na mtaa mzima ukisikia. Safari alisimama kando yake, akamwacha amalize.