Muntu Mwenye Aliogopaka Sindano

Asubui moja, mbele vita itufikie, nilikuwa nimekaa ndani ya butiki yetu ya kuuza vitu hapa Masisi, kikwembe yangu ya kujifunga imepanda mpaka ku paja, sindano iko mu mukono. Bwana yangu, Papa Kambale, amegeukia ukuta. Muntu wa Butembo, analalaka juu ya magunia mu lori, anabishanaka na basoda benye bunduki, lakini kadude kadogo vile kanamukimbiza.

«Umemaliza?» anauliza ukuta.

«Bado. Damu inafika ku barabara.»

«We mama, utaniua.»

Damu haikutoka hata tone. Nilicheka mpaka bantu ba pa inje bakachungulia.

Ugonjwa yangu iko ya mishipa ya fahamu. Dokta wa Goma, mwenye anaongeaka na mu pua, alinieleza: «Mama, mwili yako yenyewe njo inakula mishipa yako. Haiponaki. Dawa inaweka tu breki. Na joto, mama, uikimbie sawa vile nyoka.» Mama mukwe wangu akakataa: «Kwetu muguu ikilala, tunaikanda na mayi ya moto.» Akanikanda. Ile siku nilishindwa kusimama mpaka mwili ikapoa.

Dawa ilikuwa inatoka Kampala na ndugu ya bwana yangu. Ilipenda baridi, sawa miye. Jirani mwenye kutengeneza fromaji, ile jibini ya maziwa, alikuwa anatuwekea mu nyumba yake ya baridi, katikati ya fromaji. Mulima ya Masisi iko na baridi, njo maana hapa nilikuwa natembea.

Halafu masasi ya bunduki ikalia juu kule kwenye ngombe inakulaka majani. Njia ya Goma ilikuwa imefungwa. Bantu boote bakashuka upande wa Walikale.

Papa Kambale hakuingia mu butiki kuokoa vitu. Alikimbia kwa jirani, akatosha dawa, akaiweka mu nyungu ya udongo na majani ya ndizi yenye mayi, akaibeba ku kichwa sawa mwanamuke. Nikamuambia: «Mama Kambale, unaenda soko gani?» Hata vile tulikuwa tunakimbia, alicheka.

Kule chini, mu pori, joto ikaanza. Miguu yangu ikakuwa sawa bugali ya mayi mingi. Papa Kambale ananikalisha mu kamutoni ka mayi baridi mpaka kiuno, anangoja. Miguu inarudia, tunatembea kidogo, inakufa tena, tunatafuta mutoni ingine. Benye tulitoka nabo balitupita boote.

Mu mutoni moja njo balitukuta.

Balikuwa vijana na bunduki. Komanda wabo alivaa koti kubwa, lakini sauti ilikuwa ya kifaranga.

«Mu nyungu muko nini?»

Akafungua. Akaona sindano. Bale bantu balikuwa banachanjiwa, banamwangiwa mayi, eti risasi isiingie. Macho yake ikapanuka.

«Hii njo dawa ya risasi ya bazungu.»

«Hapana, papa,» bwana yangu akasema. «Iko ya miguu.»

«Muntu anaacha vyombo, anakimbia na dawa ya miguu? Nani anajua kuipiga?»

Nilifungua kinywa. Miguu yangu ilikuwa mu mayi, haisikii kitu. Mwenye anajua, bataenda naye. Na mwenye hatembei, habatamubeba mbali, batamutupa mu njia. Nilijua. Naye alijua.

«Miye,» Papa Kambale akasema. «Miye njo namupigaka.»

«Mupige, tuone.»

Balinivuta ku kando. Akashika sindano. Akaigeuza mara mbili, akaniangalia.

Nikaanza kumugombeza.

«Papa Kambale, leo usiharakishe sawa juzi. Juzi ulisahau kufinya nyama ya paja kwanza. Usiilalishe sindano, isimame. Na usukume polepole, miye siko gunia ya maharagi.»

Bale vijana bakacheka. «Mama huyu iko na kinywa.»

Akafinya. Akasimamisha. Akasukuma polepole. Hakugeuka.

«Umemaliza?» nikamuuliza.

«Nimemaliza,» akasema, na macho ilikuwa mu macho yangu.

Bakamubebesha nyungu. Nikamuambia komanda na heshima: «Papa komanda, hii dawa, mara ya kwanza, jioni inaletaka homa. Utatetemeka, halafu itaisha. Iko kawaida. Usiseme bwana yangu amekutilia sumu.»

«Tutaona,» kifaranga akajibu.

Bakaenda naye.

Nilirudia mu mayi. Miguu ilipoamuka, nikafata njia peke yangu.

Kule Walikale, nilikuwa nauliza kila muntu mwenye anatoka mu pori. Mumoja aliniambia aliona mubaba na nyungu, anapiga basoda sindano. Mwingine akasema ule mubaba alikuwa muntu mwingine. Homa ya komanda, kama alinisadiki ao hapana, sikujua mpaka leo.

Vita ilipopoa, nilirudia Masisi ku baridi yangu. Dawa haipatikane tena. Mukono moja haifungike vizuri, muguu moja naikokota, na jua ikipanda nakaa ndani na kitambaa yenye mayi ku shingo. Bajukuu banakuya kunilomba niige sauti ya bantu. Nabafanyia dokta na pua yake, nabafanyia mama mukwe, hata komanda, banaanguka na kicheko. Ya babu yabo nafanyaka ile ya kuuliza ukuta: «Umemaliza?»

Ile ingine, ile «Nimemaliza» ya ku mutoni, siifanyake.