Mwambieni Mama Asinipikie

Mimi nilimkataza. Wacha niliseme hilo kwanza, kwa sababu watu wa kanisani wakisimulia habari hii hudai eti hata mkewe alimpigia makofi. Makofi gani? Nilikuwa nimesimama jikoni kwetu hapa Kingstanding, Birmingham, mwiko mkononi, nikamwambia mume wangu: "Jairus, mtu mzima hajilazi chini akajifanya maiti. Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Akacheka. Na Jairus akicheka, hata uwe na hasira kiasi gani, utajikuta unatabasamu. Hiyo ndiyo shida niliyoolewa nayo.

Wanaomjua Birmingham wanamjua kama yule mwanamume mrefu, mpole, anayepanga mizigo ghalani wiki nzima na kupanga viti kanisani Jumapili. Hawamjui. Kisumu, mtaa wa Nyalenda, Jairus Onyango alikuwa mtu. Kulikuwa na banda la video pale, mabati juu, mabenchi chini, na muvi za nje ambazo hakuna aliyeelewa hata neno moja. Jairus alikuwa anashika maikrofoni na kumsemea kila mtu kwa Kiswahili: mwizi, polisi, bibi arusi, hata farasi. Watu walikuja kumsikiliza yeye, muvi ilikuwa kisingizio tu.

Iliyompa jina ni muvi moja ya kale ya Kijapani, nyeusi na nyeupe. Ndani yake kuna samurai, mpiga upanga asiye na bwana, anayelinda daraja peke yake dhidi ya jeshi zima. Jairus alimbatiza Jakom, yaani mwenyekiti, kwa Kijaluo chetu. Mwishoni Jakom anakatwa shingoni, anapiga magoti, anasema maneno kwa Kijapani, anakufa. Alisema nini? Mungu ndiye anajua. Jairus alimsemea hivi: "Mwambieni mama asinipikie leo."

Basi hapo watu walikuwa wakilia, wanaume wazima na ndevu zao. Na mlangoni alikaa mama yake, Mama Peninah, akiuza mandazi. Macho yake yalikuwa yameanza kuzima tayari, hajawahi kuiona muvi yenyewe, lakini aliisikia kila Jumamosi. Mwanawe akishasema hayo, yeye alikuwa akijibu kutoka nje kwa sauti kubwa: "Sasa nani atakula?" Banda lote lilikuwa likipasuka kwa kicheko huku watu wanapangusa machozi. Ikawa ndiyo desturi, usipomsikia Mama hujaona muvi.

Kuna jambo moja lazima ulijue. Jairus ana mdogo wake, Oliver, na sauti zao ni moja. Siku Jairus akikauka koo, Oliver alikuwa anachukua maikrofoni, na hakuna aliyegundua. Mama mwenyewe alidanganyika. Alijibu "Sasa nani atakula?" akidhani ni Jairus, na Oliver akamcheka mwezi mzima.

Sasa, mwaka jana, Januari, mwenzake wa ghalani akamletea habari kwamba muvi ile ile inatengenezwa upya, tena hapa hapa Birmingham. Safari hii samurai wamevaa suti, daraja limekuwa barabara ya juu ya magari, na jeshi ni genge la wahuni wenye panga. Walikuwa wanapigia picha kwenye shedi moja kuukuu kupita Longbridge, na wanatafuta watu wa kujaza genge. Jairus akaenda. Wakamwambia aanguke, akaanguka. Wakamwambia tena. Mwelekezaji, mama mmoja mwenye kofia, akamtoa kwenye kundi akampa kifo chake peke yake, kamera usoni. Akamwambia, ukifa sema chochote, kwa lugha yako.

Alirudi nyumbani uso unang'aa. "Achieng, miaka yote ile Nyalenda nilimsemea yule mtu. Sasa wananiuliza mimi nitasema nini!"

Haki nilitaka kumfurahia. Nilikuwa nimemwona miaka tisa hapa anaitwa "mate", yaani rafiki kwa Kiingereza, na watu wasiojua jina lake. Lakini siku ya majaribio alirudi na rangi ya damu shingoni, mstari mmoja kutoka sikioni hadi kooni. Nilimsugua kwa mafuta, nikamsugua kwa sabuni, mstari ukabaki. Akaenda nao kanisani, amefunga kola juu, akapanga viti.

"Mpigie Mama kwanza umweleze," nikamwambia.

"Nataka kumshtukiza."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Jairus."

"Wee Achieng, hii ni kazi. Kwani mwalimu akifundisha habari za simba analiwa?"

Ala! Utamjibu nini mtu kama huyo?

Jumamosi yenyewe alitoka alfajiri. Walimpaka kila kitu: shingo imefunguka, damu imeganda kifuani, uso wa kijivu. Saa moja na nusu asubuhi alijilaza kwenye sakafu ya simiti, macho wazi, akamwomba msichana wa kupaka rangi ampige picha kwa simu yake. Picha hiyo akaituma kwenye grupu ya wasapu ya familia. Alikuwa ameshafungua mahali pa kurekodi sauti aeleze, "Mama, ni mimi, leo mimi ndiye Jakom," ndipo kijana wa kazi akapita na mfuko. Muvi ilikuwa ya siri, kwa hiyo simu zote zilikusanywa na kufungiwa mpaka jioni. Jairus akasema dakika moja tu. Kijana akasema samahani, ni sheria. Akaitoa.

Picha ikafika Nyakach, kijijini kwao, kwa mama yake, bila neno hata moja.

Mimi siku hiyo nilikuwa kazini, nyumba ya wazee, na kwetu simu hukaa kabatini hadi zamu iishe. Nilitoka saa nane mchana. Nikafungua kabati, simu ilikuwa ya moto mkononi. Watu walikuwa wamenipigia mara sabini na moja. Na juu ya yote, ile picha: mume wangu kwenye simiti, shingo imekatwa. Chini yake wifi yangu Awino, anayeishi na Mama, ameandika, "Wamemuua Jairus." Chini yake pole, pole, pole, hadi kidole kinachoka.

Nilijua ni rangi. Nawaambia ukweli, nilijua. Na bado nilikaa chini pale pale sakafuni. Henriette, Mkongo ninayefanya naye kazi, akanishika bega. "Achieng, mbona umekaa chini? Iko nini, dada?"

Nikampigia Awino. Nyuma yake nilisikia kilio, kile cha kweli, cha wanawake wanaoingia uani mmoja mmoja. Nikapiga kelele: "Awino! Jairus yuko hai! Yuko kazini! Ile ni rangi ya muvi!"

Akasema, taratibu sana, "Ndiyo, wifi. Yuko kazini. Asante. Jikaze."

Hapo ndipo nilipojua hakuniamini. Kwa sababu sisi kwetu hatumwambii mtu habari ya kifo kwenye simu. Babangu alipofariki niliambiwa ana homa kidogo, nije nyumbani tu. Dadangu aliambiwa mumewe amelazwa, anaendelea vizuri, na tayari alikuwa amewekwa mochari. Ndivyo tunavyofanya ili mtu asianguke njiani. Kila nilivyoapa kwamba Jairus yuko hai, ndivyo nilivyomzika. Nilivyosema anakula, ana nguvu, atawapigia jioni, ndivyo kilio kilivyopanda. Henriette alinisikiliza akatikisa kichwa. "Acha kuongea, dada. Unazidi kuharibu. Kwetu vilevile."

Jairus alirudishiwa simu yake saa kumi na moja jioni. Kwao ilikuwa saa mbili usiku. Akapiga kwa video, uso bado wa kijivu nusu, Awino akamwona anasonga, anaongea, akapiga yowe akaangusha simu. Wuololo! Wakaokota, wakaangalia tena, wakaamini. Wote waliamini, mpaka majirani.

Isipokuwa Mama. Mama haoni. Macho yaliisha kabisa miaka minne iliyopita. Alichonacho ni masikio tu, na masikio yake yalikuwa yamesikia Awino akilia asubuhi, kilio kisichoigizwa. Tangu saa ile hakuweka kitu mdomoni. Vidonge vya presha alivisukuma. "Hivyo ni vya mtu anayetaka kuiona kesho," alisema.

Wakamwekea simu sikioni. "Mama, ni mimi. Ni Jairus."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye kochi, nikamsikia Mama akijibu kwa upole. "Asante, Oliver."

"Mama, si Oliver! Ni mimi!"

"Oliver mwanangu, unafanya vizuri. Unauogopea moyo wangu. Lakini mimi ni mzee, nimewaficha wengine hivyo hivyo. Niacheni nimlilie mtoto wangu."

Alimuuliza kila kitu, jina la mbwa, kovu la goti, na Jairus alijibu vyote. Na vyote Oliver alivijua pia. Mwishowe Jairus, yawa, kwa kukosa akili na kwa mapenzi, akafanya kile alichokuwa akikifanya tangu ujana. Akavuta pumzi akasema ile sauti yenyewe: "Mwambieni mama asinipikie leo."

"Sasa nani atakula?" haikuja. Kisha tukasikia Mama analia. Awino akachukua simu akasema, "Ndugu yangu, kwa nini umemwambia hivyo?"

Oliver alikuwa tayari kwenye basi kutoka Nairobi. Tuliamua hivi: akifika, akae karibu na Mama amshike mkono, Jairus awe kwenye simu, waongee wote wawili kwa pamoja. Mtu mmoja hawezi kuwa na sauti mbili. Lilikuwa jambo dogo hivyo, na lilikuwa na saa kumi na mbili za kungoja, na mama mwenye presha hanywi dawa. Jairus alitaka kupanda ndege. Angepandaje? Pasipoti ilikuwa kwa uhamiaji, visa yetu inafanywa upya, na ukitoka nje ya nchi ombi lako limekufa. Alikaa kwenye kochi anajisugua shingo mpaka ikavuja damu yake ya kweli.

Asubuhi Oliver akafika. Alimshika Mama mkono wa kulia. Simu ikawekwa sikio la kushoto. Nilihesabu moja, mbili, tatu, wakasema pamoja, mmoja Nyakach na mwingine Kingstanding: "Mama!"

Mama akaanza kumpapasa Oliver uso, Oliver alitusimulia baadaye, akampapasa mdomo kujua kama umefungwa au unaongea. "Nyamaza wewe," alimwambia. "Aseme yule." Jairus akaongea peke yake, na mdomo wa Oliver haukusogea chini ya vidole vyake.

"Basi mko wawili," Mama akasema.

Sisi huku tulirukaruka, tukaomba, tukalia. Mama aliomba uji, akanywa vijiko vitatu. Akamwambia mwanawe neno moja kabla ya kulala: "Umeliliwa kwa jina lako, Jairus. Kilio kikishatoka hakirudi mdomoni." Jairus akasema ndiyo Mama, nimekosa Mama, nisamehe. Akamsamehe. Nilisikia kwa masikio yangu, na mtu asije akaniambia hakumsamehe.

Jumanne alfajiri mshipa wa kichwa cha Mama ulipasuka, akafariki. Daktari alisema ni presha, siku nzima bila dawa kwa umri wake si mchezo. Mimi sibishani na daktari. Lakini hema lililopigwa uani kwa ajili ya matanga ya Jairus lilikuwa halijaondolewa bado. Viti vile vile, sufuria zile zile, wanawake wale wale walioimba jina lake wakaimba la mama yake. Jairus aliyaona mazishi kwenye simu, amevaa suti yake ya kanisani, amesimama wima kwa saa nne mbele ya televisheni iliyozimwa. Hakutaka kukaa.

Muvi ilitoka mwezi wa kumi na moja. Nilidhani hataki kuiona, lakini alitununulia tiketi mbili mwenyewe, Jumanne mchana, ukumbi karibu mtupu. Lilikuwa onyesho la wasiosikia vizuri, maneno yote yanaandikwa chini. Alikufa kabla hata ya nusu. Kamera ikamkaribia, shingo imefunguka, midomo ikasema: "Mwambieni mama asinipikie leo." Chini hawakutafsiri. Waliandika tu kwamba anaongea lugha ya kigeni.

Nikamgeukia. Alikuwa ameinama mbele, kichwa kando, sikio limeelekea mlangoni. Nilijua anangoja nini. Nikafungua mdomo nimjibu mimi, nilitaka sana, nikaufunga. Akaendelea kusikiliza hivyo hivyo hadi taa zikawashwa na mfagiaji akaingia.