Nafasi ya Bibi

Juzi, kwenye maegesho ya magari ya Bankstown, huku ughaibuni, niliona vani imeachwa wazi milango ya nyuma, ndani kumetandikwa godoro. Nikasimama hapo na mifuko yangu kama mjinga.

Nilipokuwa mtoto, baba alichagua vani yetu kwa kuilalia. Mchana mmoja, kwa muuza magari kule Ingleburn, alitandika kitenge cha mama ndani ya kila vani tuliyoonyeshwa, akatulaza sote watano bega kwa bega, kama tulivyolala kwenye kambi ya wakimbizi. Bati lilikuwa la moto, palinuka mpira na petroli. Muuzaji alibaki kututazama.

"Sogeeni," baba alisema. "Mwachieni bibi nafasi."

"Baba Neema, bibi si bado yuko kambini?" mama alimuuliza taratibu.

"Najua aliko."

Kwa ajili ya nafasi hiyo tulichukua vani ndefu kuliko zote. Mimi niliamini tunakwenda kumchukua. Nilikuja huku nimelala kwenye ndege, bahari iliyotutenganisha na kambi sikuiona. Kila safari nilimuuliza baba kama tumekaribia kwa bibi.

"Bado kidogo," alinijibu.

Bibi hakuja. Tulirefuka, tukabanana humo miaka mingi, na hakuna aliyewahi kulala mahali pake.