Ukoo wetu ulivyoyeyuka kwenye barafu

Leo nimegundua binti yangu hana ukoo.

Klabu ya kuteleza kwenye barafu ilitualika: "Familia za watoto wapya, karibuni."

Familia! Waswidi walikuja wawili wawili na chupa ya kahawa. Sisi tulitoka mtaani kwetu Norsborg watu tisa na hotpoti za pilau.

(Ndiyo, pilau. Uwanja wa barafu.)

Neema wangu akateleza kidogo, akaanguka. Shangazi yake akapiga vigelegele vya harusini. Uwanja mzima ukageuka.

Mjomba Juma akatangaza kwa Kiswidi chake cha kazini: "Huyu ni mtoto wetu sote!"

Mwenyekiti wa klabu akafurahi kweli. "Vizuri! Hapa familia ndiyo inayouza kahawa na kuwafunga watoto viatu, kila Jumapili alfajiri. Nani ataanza?"

Mjomba akarudi hatua moja nyuma.

Mjomba: "Mimi ni jirani tu."

Shangazi: "Nami nimemsindikiza jirani."

Kwenye treni tulirudi wawili, mimi na Neema. Hata pilau niliyopika mwenyewe iliondoka nao.

Neema akauliza, "Mama, mjomba amekuwa jirani lini?"

Nyie mnaobonyeza moyo hapa, semeni kwanza: ndugu au majirani?