Bangili ya Mikono Minne

Asubuhi hiyo Ña Sinforiana alichemsha maji kama siku zote, akaweka majani kwenye kibuyu cha mate, kinywaji chao kichungu cha moto, akanywa wa kwanza, akamtilia mumewe. Eleuterio alikunywa bila neno. Walioana vijana, na maneno mengi walikuwa wameshayatumia. Redio ilisema mvua itanyesha. Kuku mwekundu aliingia jikoni, akafukuzwa. Kisha Sinforiana akajifunga bangili, ile ya mpira yenye kioo kidogo, akaivuta mpaka ikabana.

"Leo zamu yangu," alisema.

"Najua."

"Basi usinikodolee macho. Kunywa, mate inapoa."

Hiyo ndiyo asubuhi yao ya mwisho ya kawaida. Haikuwa na zaidi.

Sinforiana alizaliwa Pirayú, mji mdogo wa Paraguay, na hakuhama Pirayú. Mama yake aliuza dawa za miti shamba. Kwake alirithi kinu, mchi na kona ya soko. Aliwatwangia watu majani ya kutia kwenye tereré, yaani mate ya maji baridi: mnanaa kwa mwenye tumbo, mkia wa farasi kwa mwenye figo, na kwa mwenye huzuni chochote kinachonukia. Alizaa watoto wawili, wote wako Buenos Aires. Hakupenda masengenyo ya asubuhi. Ya jioni aliyaruhusu. Akikataa jambo, hata padri alikwenda zake.

Kila siku jua likipanda, watu wanne walikaa kwenye kivuli cha turubai lake sokoni. Yeye mwenyewe; Eleuterio, aliyesuka viti pembeni yake; Deolinda, dada yake Sinforiana, muuza mikate ya chipa; na jirani yao Don Wenceslao, mwenye ng'ombe mmoja na maneno mengi. Pembe moja ya ng'ombe ya kunywea tereré, mrija mmoja. Mmiminaji alikuwa Sinforiana. Pembe ilitoka kwake, ikaenda kwa mmoja, ikarudi, ikaenda kwa mwingine, mpaka mtu aseme asante. Ukisema asante umetosheka, hupewi tena.

Hapo ndipo siku moja Noelia alipowakuta, msichana wa chuo kikuu cha Asunción, mji mkuu. Alitaka kujua kama wazee watakubali kuvaa bangili inayosoma moyo, usingizi na mwendo, na kama itawasaidia kuitunza miili yao. Hesabu zingekwenda zenyewe kwenye simu yake. Sinforiana alikubali kwa sababu msichana alikaa, akapokea pembe, akanywa bila kufuta mrija.

Noelia hajafika hata stendi, Don Wenceslao akaanza.

"Haya, shemeji! Umevaa peke yako kama malkia. Sisi tukutazame tu?"

Sinforiana aliitazama bangili. Kitu kimeletwa katikati ya watu, kikashikwa na mtu mmoja. Aliona haya. Akaifungua, akampa Deolinda. Deolinda alilala nayo, akampa Wenceslao. Wenceslao akampa Eleuterio. Nayo ikazunguka hivyo, bila mpango, kama pembe. Hakuna aliyefikiri kwamba wanakosea.

Noelia alirudi na sura ya mtu aliyepotea njia.

"Bibi, nisamehe. Wiki iliyopita ulicheza mpira?"

"Nicheze mpira na magoti haya?"

"Bangili inasema ulikimbia sana."

"Ah, huyo ni Wenceslao. Ng'ombe wake alikata kamba."

"Nilimkamata lakini!" alisema Wenceslao. "Hilo halijaandikwa humo?"

"Kuburutwa kwako ndiko kulikoandikwa," alisema Deolinda.

Walicheka. Noelia hakucheka. Aliuliza nani mwingine amevaa, nao wakanyoosha mikono wote wanne, kama watoto wa shule. Akakaa chini. Aliwaambia kuna moyo mmoja humo ndani unaoruka mapigo, kisha unakimbia, kisha kama unasahau. Moyo wa namna hiyo ni wa kupelekwa hospitali.

"Wa nani?" aliuliza Eleuterio.

"Ndiyo sijui, babu. Mmenichanganyia mioyo minne."

Akawasihi waende wote Asunción wakapimwe. Sinforiana alikataa. Soko halifungwi kwa ajili ya moyo usio na jina, alisema. Kila mtu aivae peke yake kwanza, ijulikane. Noelia alimwomba aanze yeye.

"Mimi ndiye mmiminaji," alisema. "Nikianza mimi, hawa watakaa wanatetemeka wakingoja zao. Waanze wao."

Deolinda aliivaa siku za zamu yake, akatoka salama. Wenceslao akatoka salama, akajisifu soko zima. Zamu ya Eleuterio ilipofika, aliivaa akiomba Mungu moyo mbovu uwe wake. Hakumwambia mtu. Aliketi akisuka kiti, akiusikiliza mkono wake.

"Babu, una moyo wa kijana," Noelia alimwambia kwa simu ya Deolinda.

Eleuterio alirudisha simu. Hakushukuru. Sinforiana alinyoosha mkono apewe bangili.

"Twende Asunción leo," alisema Eleuterio.

"Kesho naivaa, ijulikane kwa haki. Kisha nitakwenda."

Kesho yake ndiyo ile asubuhi ya mate na kuku mwekundu. Kabla ya saa sita mchana Noelia alipiga simu: moyo ule ni wa Sinforiana, aletwe hospitali sasa hivi. Wenceslao alitafuta gari, na mvua iliwakuta njiani. Sinforiana alitimiza ahadi: alikwenda bila ubishi, kinu akamwachia Deolinda. Madaktari walifanya waliyoyajua. Moyo ulikuwa umechoka zamani, walisema.

Siku ya mwisho ya Sinforiana, Noelia alikuja hospitalini na karatasi yake ya maswali, akaikunja, akaificha chini ya mkoba.

"Uliza, mwanangu," alisema Sinforiana. "Kazi ni kazi."

"Limebaki moja tu, bibi. Ungependa kuendelea kuivaa?"

Eleuterio alikuwa kando ya kitanda. Aliona mkewe akiifungua bangili taratibu, kwa vidole vilivyokwisha nguvu, kisha akaiweka kwenye kiganja chake yeye, mumewe, na kukifunga. Sinforiana alimjibu Noelia, lakini macho yalikuwa kwa Eleuterio:

"Andika nimeipenda. Ila zamu yangu imekwisha, sasa ni ya huyu. Mwambieni asiseme asante mapema."