Aliyeachwa Ndani ya Dunrake

Edna Gratton hakuwa na desturi ya kumaliza mkate wake. Popote alipokula, kwake au kwa watu, pembe ya mwisho aliimega, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfukoni. Watu wa kijiji chake, Thornlow, walishazoea. Wageni walidhani ni uchoyo. Ijumaa ikifika alivaa viatu vya mpira, akapanda kilima kwa njia ya kondoo mpaka kwenye mlango wa nondo wa mgodi wa Dunrake, akaupitisha ule mkate kati ya nondo pamoja na kipande cha mshumaa. Kisha akateremka zake kwenda kuchemsha chai.

Mkate ule ulikuwa wa Mzee. Wachimba madini ya risasi wa milima ile hawakumwita kwa jina jingine. Mzee ni wote waliochimba kabla yako, baba zao na babu za baba zao, mpaka wale ambao hakuna ajuaye walisema lugha gani. Wote hao ni mtu mmoja, naye yumo ndani, na ukiingia kwake unamwachia tonge. Hupigi mluzi. Huwahesabu wenzako kwa sauti, usije ukapata mmoja wa ziada. Baba yake Edna aliyashika hayo, na mumewe, Clifford, aliyashika. Lakini asubuhi moja ya barafu, hata mwaka wa pili wa ndoa haujaisha, Clifford aliingia Dunrake, paa likashuka nyuma yake, na hakutoka.

Yaliyofuata kila mtu aliyajua, ndiyo maana hakuna aliyeyasema Edna akiwapo. Wenzake Clifford walimsikia akigonga. Aliyefukiwa hugonga jiwe kwa jiwe, mara tatu, akanyamaza, halafu tena mara tatu. Walichimba wakiifuata sauti ile. Paa likashuka mara ya pili, likawavunja miguu wawili. Sauti nayo ikakatika. Msimamizi akaja mpaka jikoni kwa Edna, kofia mkononi, akasema yeye hawezi kuamuru watu waendelee wala waache, mwenye mtu aseme. Edna alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alitazama mikono ya yule bwana, jinsi ilivyochubuka, akasema, "Mwacheni."

Hakuolewa tena. Alifanya kazi katika jiko la shule, akapakua viazi na kastadi mpaka watoto aliowapakulia nao wakaota mvi. Alipostaafu wakamtia katika baraza la parokia, lile lisilohusika na sala bali na njia, taa na nyasi za makaburini, kwa sababu kiti kimoja kilikuwa wazi, karibu na mlango unaopitisha upepo, na wengine wote walikikimbia. Alikaa hapo miaka mingi akisikiliza. Aliposema, alisema mambo ya mitaro.

Ndipo akaja Bwana Tindall kutoka mjini, na picha zake kubwa za rangi. Alitaka kuufungua mgodi wa Dunrake kwa watalii. Kungekuwa na taa za umeme, kofia ngumu za kukodi, kireli kidogo cha kuwabeba watoto, na sanamu za wachimbaji zenye sauti ya kukohoa. Mwanzoni kusanyiko lote la waliokuja kusikiliza lilicheka ile habari ya kukohoa. Baadaye hawakucheka, maana walikumbuka shule inafungwa, duka limeshafungwa, na basi huja siku ya soko tu, nalo huja likiwa halina mtu.

Baraza lilikuwa la watu watano. Mwenyekiti Bagshaw, mwenye kondoo, aliutaka mradi. Pauline Eyre, mwenye baa, aliutaka kuliko yeye. Stanley Furniss, aliyepasua mawe maisha yake yote na kifua kikabaki kinapiga filimbi, aliukataa katakata, na Amos Wager akakataa kwa kuwa Stanley amekataa. Akabaki Edna. Hakuna aliyemuuliza. Walidhani jibu lake wanalo tangu zamani, na Pauline aliumia kuliko wote.

"Kijiji kizima kitakufa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekwisha kufa," aliwaambia wateja wake, akifuta bilauri. Mara akamwona Edna mlangoni, amekuja kurudisha sahani. Pauline akawa mwekundu mpaka masikioni. "Sikukusudia hivyo, bata wangu," akasema, kama wanavyoitana kwa mapenzi watu wa huko.

"Ulikusudia," Edna akamjibu. "Sahani hii hapa. Asante kwa pai." Akaondoka.

Bagshaw akaona ni vyema baraza zima likauone mgodi kabla ya kupiga kura, pasiwe na lawama. Wakapanda Jumamosi asubuhi, jua jembamba limewaka juu ya umande. Tindall alifungua mlango wa nondo kwa ufunguo aliopewa na mwenyekiti. Edna akatazama chini, mahali alipozoea kuweka mkate. Palikuwa pasafi. Miaka yote palikuwa pasafi, na miaka yote alijiambia ni panya, au mbweha.

Wakaingia wakiinama, Tindall mbele na taa, Edna nyuma kabisa. Ukuta ulitoa jasho. Mahali pengine ungeweza kuona alama za sululu, fupifupi, zimejipanga kama magamba ya samaki, na Stanley alisema kwa sauti ya chini kwamba hizo si za baba zetu, hizo ni za Mzee wa zamani kabisa. Tindall akasema vizuri sana, sana, akaziandika. Halafu, kwa furaha, akaanza kupiga mluzi.

"Funga mdomo," Stanley alimwambia. Hakumwambia kwa hasira. Alimwambia kama unavyomwambia mtoto aliyesogelea ukingo wa kisima.

Tindall akanyamaza. Walikuwa wamefika kwenye kifusi, mawe meusi yaliyojazana mpaka juu, na hakuna njia tena. Wakasimama. Maji yakadondoka mahali fulani. Na upande wa pili wa kifusi, si mbali, jiwe likagonga jiwe. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

Amos alivua kofia bila kujua anaivua. Bagshaw alisema ni maji, mlima hujaa maji baada ya theluji. Pauline akasema ndiyo, maji, akamshika Edna mkono. Tindall peke yake ndiye aliyetabasamu. "Wageni watalipenda hili," akasema. "Inawezekana kulifanya lisikike kila saa?"

Edna aliusogelea ukuta wa mawe, akavua glavu, akaweka kiganja. Dunrake ni baridi kiangazi na kipupwe. Lile jiwe lilikuwa na vuguvugu, kama kiti alichonyanyuka mtu sasa hivi. Aliuacha mkono pale mpaka Bagshaw alipomwita mara ya pili.

Tangu siku hiyo Edna hakulala vizuri. Mawazo yake yalikuwa mepesi, hayakuhitaji elimu. Miaka hamsini alikuwa ameulinda ule mlango, akiona kwamba anamlinda Clifford asisumbuliwe. Aliyekwisha kupumzika hasumbuliwi. Lakini kama hakupumzika? Kama yeye, kwa neno moja lililosemwa jikoni, alimfungia mtu ambaye mpaka leo anabisha hodi?

Siku ya kura ukumbi wa kijiji ulijaa, na jiko la mkaa, kama kawaida yake, lilitoa moshi bila joto. Bagshaw alisoma mambo ya taa na mitaro kwanza, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, watu wakikohoa. Halafu akauliza wanaoutaka mradi wa Dunrake wanyooshe mikono. Akanyoosha yeye, akanyoosha Pauline. Pauline hakuangalia upande wa mlango. Akawa ameshaanza kushusha mkono wake.

Edna akanyoosha.

Stanley aligeuka na kiti chake chote. "Edna. Umeisikia ile sauti. Unajuaje ni yeye? Ukimfungulia Mzee mlango, humchagulii atoke na nani."

"Nilisema mwacheni," Edna akasema. "Sasa nasema mtoeni. Kifusi kiondolewe kwanza, kabla ya taa, kabla ya hicho kireli. Atakayekutwa ni wangu. Mambo ya wageni wenu mtayajua wenyewe."

Akashusha mkono, akautia mfukoni. Bagshaw, ambaye siku zote alikuwa mwepesi wa maneno, alitangaza matokeo kwa kunong'ona.

Wachimbaji waliletwa kutoka mbali, watu wenye mashine na vyuma vya kushikilia paa, wasiojua habari za Thornlow. Hata hivyo wiki haikuisha kabla hawajaanza kuingia wawili wawili. Walisema kuna mtu anawajibu. Wakigonga chuma, jiwe linagonga. Wakipumzika kula, linapumzika. Baa ya Pauline ilijaa kila jioni, lakini hakuna aliyeagiza kwa sauti kubwa. Na ilipobaki kama urefu wa mkono wa mtu kutoboa, kule kugonga kukakoma. Kiongozi wao alisema ingekuwa nafuu kama kungeendelea.

Nyuma ya kifusi palikuwa na chumba. Hakikuwamo katika ramani yoyote. Kilichongwa kwa zile sululu fupi, kuta zake zote magamba matupu, na dari yake nzima, haina hata ufa. Clifford alikuwa amekaa, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa vizuri. Ilikuwa mifupa, lakini Edna alipoletwa alimtambua kwa pete na kwa jino lililopandana na jingine. Hakulia. Alichuchumaa mbele yake kama anayemfunga mtoto viatu.

Juu ya nguo zake alikuwa amevaa koti ambalo Edna hakulijua. Lilikuwa la ngozi nzito, fupi, limeshonwa kwa mishipa ya mnyama badala ya uzi, na vifungo vyake vilikuwa vya mfupa. Vilikuwa vimefungwa vyote, kuanzia kiunoni mpaka shingoni.

Daktari wa serikali alimpima mezani mjini, akamweleza Edna kwa upole. Mawe yaliposhuka yalimvunja Clifford mikono yote miwili, juu ya kiwiko, na haikuwahi kuunga. Hakuishi siku nyingi. Pengine alifia usingizini, maana baridi mwishoni humlaza mtu.

"Mikono yote miwili?" Edna akauliza.

"Yote miwili."

"Asingeweza kugonga jiwe."

Daktari akakubali kwamba asingeweza.

"Wala kufunga vifungo."

 Daktari akaanza kupanga vyombo vyake ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Walimzika Clifford kando ya kanisa katika suti yake ya harusi, na Thornlow nzima ilikuja, hata mbwa. Wajuzi wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Koti lile lilimsitiri. Na Edna, aliyekuwa amelelewa vyema, alijua kwamba cha watu kina mwenyewe.

Tindall alilitaka koti. Alikuja barazani na barua ya jumba la makumbusho, akasema litawekwa ndani ya kioo, penye mwanga mzuri, watu watatoka nchi za mbali kuliona. Bagshaw alimtazama Edna, Pauline akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyedhani anajua atakalosema. Edna alieleza kwamba koti si lake, si la baraza, wala si la Bwana Tindall, na kwamba wageni wataishia pale kifusi kilipokuwa, hawatapita hatua moja zaidi. Stanley alisema anaunga mkono. Amos pia. Halafu Pauline, polepole, naye akanyoosha mkono.

Koti lilikaa jikoni kwa Edna siku chache, likining'inia nyuma ya mlango. Alilipiga brashi. Alilisogeza karibu na moto, nalo halikukauka. Kila asubuhi alikuta kidimbwi kidogo sakafuni chini yake. Mikono ya koti ilikuwa imekunjika kidogo, kama yenye viwiko. Kila alipopita alijikuta anasema samahani.

Siku moja kabla ya watalii kuanza kuja, mchana, Edna alilikunja, akalibeba kifuani kama mtu abebaye mtoto aliyelala, akapanda kilima. Wachimbaji walikuwa wakifunga taa. Walimpisha bila kuuliza. Alipita kireli, akapita sanamu zilizokuwa bado zimefunikwa turubai, akafika chumbani kwa taa yake ya mkono. Akaliweka koti juu ya jiwe, akalinyoosha kola. Alitafuta maneno makubwa akayakosa.

"Ahsante kwa kumtunza," akasema. "Mimi sikuweza."

Akageuka kuondoka. Alikuwa hajafika mbali aliposikia ngozi ikisuguana na jiwe. Halafu sauti ndogo sana, ya mfupa ukipenya kwenye tundu gumu. Kimya kidogo. Kisha nyingine, juu zaidi.

Nywele zilimsimama, lakini miguu yake haikuharakisha, wala shingo yake haikugeuka. Alikwenda mwendo uleule mpaka kwenye mwanga wa mlango, maana si adabu kumtazama mtu anapovaa.